Kugeuka Katika Mstari: Walzi, Mganda na Kazi ya Kujifunza

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge, na katika hotuba hiyo akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hotuba hiyo imetajwa mara nyingi darasani na katika maandishi ya watu wa sanaa, nasi hatuna nia ya kuirudia yote. Twataka kushika jambo moja tu. Mwalimu alieleza kwamba wengi wetu tulikuwa tumejifunza kucheza rumba, chachacha, twisti, na hata walzi na foksitroti. Kisha akauliza ni wangapi kati yetu waliojua kucheza, au hata waliopata kusikia habari za Gombe Sugu, Mangala, Konge, Nyang'umumi, Kiduo au Lelemama.

Swali hilo lilikuwa la haki, na aibu iliyokuwamo ndani yake ilitufaa. Lakini kwa miaka mingi wenye kulisoma wamelifupisha. Wamelifanya kuwa swali la majina: hii yetu, ile yao, hii isifiwe, ile ikataliwe. Wamesahau kwamba katika hotuba ile ile Mwalimu alionya, kwa maneno makali, juu ya ujinga wa taifa linalokataa kujifunza kwa wengine. Katika insha hii twataka kusema kwamba neno zito katika swali lile si jina la ngoma yoyote, bali ni neno "kujifunza". Tutachukua sehemu moja ndogo ya uchezaji, yaani kugeuka, tuitazame kwanza katika walzi, kisha katika mganda wa kwetu Tingi, ndipo tujiulize kama kweli tumejifunza lolote, la wageni au la kwetu.

Tuanze na walzi, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa kama mfano wa kitu cha kigeni. Walzi ni dansi ya mapigo matatu, pigo la kwanza likiwa zito. Ilitoka kwa wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani, ikaingia katika kumbi za miji mwishoni mwa karne ya 18. Msomaji asidhani kwamba ilipokewa kwa heshima kila mahali. Ilipochezwa mbele ya watawala wa Uingereza mwaka 1816, gazeti la The Times la London liliilaani kuwa ni dansi ya kigeni na isiyo na adabu, kwa sababu mwanamume na mwanamke walishikana karibu mno wakazunguka pamoja. Basi hata huko tunakodhani ni kwao, iliwahi kuitwa ya kigeni. Baadaye, katika miaka ya 1920, walimu wa dansi wa London waliipunguza mwendo, wakaipangia hatua na majina, wakaandika vitabu vya kufundishia. Ndiyo walzi ya pole iliyosambaa duniani, hata ikafika katika vilabu vya dansi vya miji yetu, ambako makarani, walimu na mafundi waliicheza kwa suti zilizopigwa pasi vizuri.

Katika hatua zake kuna mzunguko mmoja ambao wanafunzi huuogopa. Kwa lugha yetu twaweza kuuita mzunguko maradufu wa kushoto. Anayeongoza huweka mguu wa kushoto mbele katika pigo la kwanza. Katika pigo la pili mguu wa kulia huenda upande. Katika pigo la tatu mguu wa kushoto husogezwa karibu na wa kulia, lakini haupewi uzito. Mwili wote huzunguka juu ya ncha ya mguu wa kulia. Anayefuata hana hesabu hiyo. Yeye hurudi nyuma kwa mguu wa kulia, hukusanya miguu na kugeuka juu ya kisigino, hutupa mguu wa kulia upande, kisha huukatiza wa kushoto mbele yake. Katika mapigo yale yale matatu, mmoja amekanyaga mara mbili na kuugusisha tu mguu wa tatu, na mwenzake amekanyaga mara nne. Wote wawili hufika pamoja, wakiwa wamegeuka robo tatu ya duara au duara zima.

Sisi tulifundishwa mzunguko huo Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa waajiriwa wapya serikalini. Aliyetufundisha alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu, aliyecheza katika vilabu vya dansi kabla ya Uhuru. Alikuwa akiondoa viti sebuleni kwake jioni, akahesabu kwa mdomo, "moja, mbili-na, tatu," na mkewe akakubali kwa subira kubwa kukanyagwa vidole. Tulichukua majuma mengi. Kosa letu lilikuwa lile la wengi: tulitaka kumzungusha mama yule kwa mikono. Siku moja mzee alitusimamisha akasema, "Mwanangu, unamvuta kama ndoo kisimani. Geuka wewe, yeye atageuka." Tukamjibu, "Ndiyo, mzee," lakini hatukumwelewa. Kosa la pili lilikuwa kuuwekea uzito ule mguu wa tatu. Kila tulipoukanyaga, mzunguko ulikufa, kwa sababu mguu ambao ungeanza hatua inayofuata ulikuwa umekwisha kutumika. Mzee alikuwa akitaka tufanye jambo gumu kuliko kwenda, yaani tuuache mguu mmoja usifanye kitu.

Tulipolifahamu jambo hilo hatimaye, tulikumbuka kwamba si mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Tuliambiwa kwetu Tingi, tukiwa wavulana, katika uwanja wa vumbi, wakati wa kiangazi.

Tingi ipo katika nchi ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Leo imo ndani ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Baada ya mavuno, mahindi yanapokuwa yameingia ghalani na kazi ya shamba imepungua, vijiji vya huku hutembeleana kwa ngoma. Wanawake huwa na kioda, na wanaume huwa na mganda. Wachezaji wa mganda hujipanga katika mistari, wakiwa wamevaa mavazi safi yanayofanana. Mbele yao yupo kiongozi, na kikundi huwa na vyeo vyake, kama vile mfalme, kapteni na daktari. Kuna ngoma kubwa inayoshika mapigo, na kuna malipenga, yaani vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa tundu moja kwa utando wa buibui. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu, na utando ule huigeuza sauti yake ikawa kama ya tarumbeta. Upande wa Malawi ngoma hii huitwa kwa jina la vibuyu hivyo, malipenga, na kikundi chake huitwa boma.

Asili yake haina siri. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni, iliyoiga bendi na gwaride la kizungu, na vyama vyake mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliichukua ngoma hiyo bara pamoja na askari na wapagazi. Ziwa Nyasa lilivionja vita hivyo mapema, kwani mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann hapo Liuli, ambapo wakati ule paliitwa Sphinxhafen. Waliorudi hai kutoka katika misafara ya vita walirudi na mwendo wa gwaride miguuni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, ameonyesha jinsi mganda ulivyo mmoja wa watoto wa beni.

Basi hapa mhakiki wa majina hupata tabu. Kama kipimo ni asili peke yake, mganda nao una damu ya kigeni, na tutalazimika kuufukuza pamoja na walzi. Wapo waliosema hivyo. Wamesema kwamba mganda ni mwigo wa mkoloni, kwamba vyeo vyake ni dhihaka juu yetu wenyewe. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu twaitafuta katika kugeuka kwenyewe, wala si katika maneno ya kujisifu.

Tutazame jinsi mstari unavyogeuka. Chukua wachezaji 6 waliosimama bega kwa bega, kila mmoja akiwa mita 1 kutoka kwa jirani yake. Kiongozi anaashiria, na mstari mzima unageuka robo ya duara huku ukibaki umenyooka. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hili. Mchezaji wa pili kutoka ndani atakwenda kama mita 1 na nusu. Mchezaji wa nje kabisa atakwenda karibu mita 8. Yule wa ndani hatakwenda hata hatua moja. Atakanyaga pale pale aliposimama, akigeuka kidogo kidogo. Na wote sita watatumia mapigo yale yale ya ngoma. Kila mtu ana urefu wake wa hatua, ambao hauwezi kuazimwa kwa jirani. Zaidi ya hayo, ngoma kubwa waliyokuwa wakiiona mbele yao sasa ipo ubavuni, na baada ya mgeuko wa pili ipo nyuma, hivyo yapasa waifuate kwa masikio.

Tulipokuwa wavulana tulidhani kazi ngumu ni ya aliye nje, kwa kuwa ndiye anayetoka jasho na ndiye anayeonekana. Sote tuligombea kuwekwa nje. Mzee aliyetufunza, ambaye tulimwita babu kama desturi, hakubishana nasi. Alituweka ndani. Pale ndani tuliaibika. Ngoma ikilia, mguu unataka kwenda. Wenzako wanakwenda, na wewe umeambiwa ukanyage mahali pamoja. Tukisogea hata nusu hatua, mstari wote ulipinda kama upinde, na yule wa nje akakimbia bila heshima kuukimbilia. Babu alirudia mgeuko huo jioni baada ya jioni. Hakutupiga, wala hakutusifu. Alisema tu, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe bawaba. Mlango ukitembea na bawaba yake, nyumba haina mlango."

Hapa ndipo walzi ya mzee wa Dar es Salaam na mganda wa babu wa Tingi hukutana. Katika dansi ile, mzunguko hutegemea mguu mmoja unaokubali kutochukua uzito. Katika ngoma hii, hutegemea mtu mmoja anayekubali kutokwenda. Katika zote mbili, wanaogeuka pamoja hawafanyi jambo moja, kwa maana mmoja ana hatua nyingi na mwingine chache, na usawa wao ni wa kufika pamoja. Na katika zote mbili, anayevuta wenzake kwa nguvu huharibu. Haya hayajifunzwi kwa kutazama. Hujifunzwa kwa kukosea mbele ya watu, mara nyingi, mpaka mwili wenyewe ukatae kosa.

Hilo ndilo jibu letu kwa wanaouita mganda mwigo. Mwigo huchukua umbo la nje na kuliacha lilivyo. Wazee wa mwambao walichukua gwaride ambalo liliwapeleka vitani kubeba mizigo ya watu wengine. Wakaondoa bunduki, wakaweka kibuyu. Wakaondoa amri ya kulazimishwa, wakaweka mashindano ya vijiji na karamu. Kisha wakaufanyia kazi mgeuko ule kizazi hadi kizazi mpaka ukapata mwendo wa kwao. Kilicho chetu ni kile tulichokitolea jasho na kukikosea na kukirekebisha, wala hatuhitaji cheti cha kuzaliwa kwake. Kwa kipimo hicho, makarani wachache wa zamani waliojifunza walzi mpaka mwisho waliimiliki kweli, na wengi waliobakia na suti tu hawakumiliki kitu. Kwa kipimo hicho hicho, mtoto wa Tingi asiyeweza kusimama ndani ya mgeuko hana mganda, hata kama babu zake wote walikuwa wafalme wa ngoma.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Tangu Uhuru, ngoma zetu zimepandishwa jukwaani. Liliundwa kundi la taifa la ngoma katika miaka ya 1960. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni taasisi. Na ngoma zikaingia katika sherehe za taifa na mashindano ya shule. Jambo hilo lilifanya kazi njema. Mtoto wa Bukoba aliweza kuona ngoma ya Songea, na aibu ile aliyoitaja Mwalimu ikapungua. Lakini jukwaa lina masharti yake. Ngoma iliyochukua mchana mzima hupewa dakika chache. Na lipo sharti jingine lisiloandikwa popote, lakini lenye nguvu zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa kuwa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya ngoma za shule, mahali ambapo hatutapataja. Kikundi kimoja kilileta mganda. Mavazi yalikuwa meupe bila doa, malipenga yalilia vizuri, vijana walikuwa na nidhamu. Walisogea mbele, wakarudi nyuma. Wakasogea mbele, wakarudi nyuma. Tulingoja mgeuko, usije. Baadaye tulimwuliza mwalimu wao kwa nini mstari haukugeuka. Alitujibu kwa adabu, "Tuliambiwa, mzee, wachezaji wasimpe mgeni rasmi mgongo." Tuliwauliza vijana wenyewe kama wanaujua mgeuko. Walitazamana. Hawakujua kwamba ulikuwapo.

Kikundi kile kilishinda, nasi tulikipa alama nzuri kama wenzetu. Hatuwezi kujitoa katika lawama. Tulikuwa na karatasi yenye safu ya mavazi, safu ya sauti na safu ya nidhamu; safu ya mgeuko haikuwapo, nasi hatukuidai. Lakini tangu siku ile tumekuwa tukifikiri juu ya jibu la mwalimu yule. Yeye hakukosa adabu. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Ngoma inayogeuka haiwezi kuchezwa bila kumpa mtu mgongo. Hata walzi ni hivyo: mume na mke wanaozunguka ukumbini huwapa watazamaji wote mgongo kwa zamu, kwa kuwa uso wao wameelekezana wao wenyewe. Ngoma ya namna hiyo ilitungwa kwa ajili ya wachezaji, na mtazamaji ni mgeni ndani yake. Tukimgeuza mtazamaji kuwa mwenye ngoma, tutabaki na mavazi, na kile kilichokuwa kikifunzwa kitatoweka kimya kimya, bila mtu yeyote kukipiga marufuku.

Juu ya jambo hilo tuliwahi kuandika ubeti huu, tukimkumbuka babu yule, ambaye alikuwa akikaa kwenye kigoda chake pembeni mwa uwanja, na ambaye tulimpa mgongo mara nyingi kwa amri yake mwenyewe:

Mguu umenijibu, nilipogeuka nyuma,
Mwendo una taratibu, si wa pupa na kuhema,
Ukivuruga hesabu, wenzio watakusema,
Kumpa mgongo babu, si kumnyima heshima.

Kwa walimu tuna maombi mawili. La kwanza, mnapofundisha ngoma, chagueni sehemu moja iliyo ngumu na muikae mpaka iwe imeeleweka, badala ya kupitia ngoma tano kwa juma moja ili majina yajae daftarini. Kama hamna mtu wa kuifundisha, mwiteni mzee wa kijiji, mpeni kiti na muda, na muwaache wanafunzi wakosee mbele yake. La pili, mnapopeleka ngoma mbele ya mgeni, mwelezeni mapema kwamba katika ngoma hii mstari hugeuka. Mgeni mwenye busara hatakasirika. Na waamuzi, tukiwamo sisi, waongeze safu katika karatasi zao.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Mtasoma swali la Mwalimu la mwaka 1962, na huenda mtaulizwa katika mtihani mtaje ngoma alizozitaja. Zitajeni, mpate alama. Lakini mtakapotoka darasani, simameni watu sita bega kwa bega, mmoja ahesabu, mjaribu kugeuka robo ya duara bila mstari kupinda. Mtashindwa. Badilishaneni nafasi, mjaribu tena, na kila mmoja wenu asimame ndani walau mara moja. Mkifika mahali ambapo hamna haja tena ya kutazamana miguu, mtakuwa mmeanza kulijibu swali lile.